Kuhesabu Mwewe Wanaorudi Kaskazini

Mwezi Machi, wakulima wa Kenya na Tanzania wanapokagua mawingu ya masika, ndege mbuai waliokuja kutoka Urusi, Kazakhstan na Ulaya Mashariki huwa katika safari ya kurudi kwao. Huko kaskazini theluji inayeyuka na majira ya kuchipua yanakaribia. Tai anayefika nyuma ya wenzake hukuta mahali pazuri pa kutagia pamekwisha kushikwa. Basi wanaondoka, mmoja mmoja na kwa makundi, juu ya Serengeti, juu ya kuta za Bonde la Ufa, juu ya mashamba ya ngano ya Narok. Ni msafara mkubwa, na wengi wanaoishi chini yake hawajawahi kuuona, kwa kuwa unapita juu sana, tena saa ambazo kila mtu yuko kazini.

Makala haya ni ya yule anayetaka kuuona msafara huo na kuutia kwenye hesabu. Shahada ya elimu ya wanyama haihitajiki. Inatosha darubini ya mkono inayokuza mara 8 au 10, daftari, kalamu, saa, kofia pana na maji ya kunywa. Kinachohitajika zaidi ni subira ya kukaa mahali pamoja kwa saa nyingi na uaminifu wa kuandika kilichoonekana, hata kama ni kidogo.

Wapo watu waliofanya kazi hii kwa miongo. Huko Eilat, kusini kabisa mwa Israeli, waangalizi hupanda milimani kuanzia Februari hadi Mei kuwahesabu ndege wanaotoka Afrika. Tai na shakevale, wa jamii ya mwewe, ni wazito. Hawasafiri mbali kwa kupiga mabawa, ila hutafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, wakapanda nayo kwa kuzunguka, kisha wakateleza mbele hadi wanapokuta hewa nyingine ya namna hiyo. Juu ya maji mapana hewa hiyo hainyanyuki vizuri. Kwa hiyo wanaizunguka bahari, na makundi yaliyotawanyika katika bara zima hujikuta yanapita njia moja nyembamba. Mwaka 1985, katika majira ya kuchipua peke yake, waangalizi wa Eilat walihesabu zaidi ya mwewe wa asali 800,000. Hao wengi wao hukaa katika misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka uliofuata walihesabu zaidi ya shakevale wa nyika 400,000, na hawa ni ndugu wa wale wanaopita juu ya Afrika Mashariki kila Machi.

Mtu anaweza kuuliza faida yake. Jibu zuri kuliko yote liko Pennsylvania, Marekani, kwenye mlima unaoitwa Hawk Mountain. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 wawindaji walikuwa wakipanda huko kila vuli na kuwapiga risasi mwewe wahamao kwa mamia, kwa mchezo tu, na serikali ya jimbo ilikuwa ikitoa zawadi ya fedha kwa anayeua mwewe wa aina fulani. Mwaka 1934 mwanamke mmoja, Rosalie Edge, alikodi mlima huo na kumweka Maurice Broun awe mlinzi. Broun aliwazuia wenye bunduki, na kwa kuwa alikuwa pale siku nzima, akaanza kuhesabu.

Alichokiandika kilikuja kufaa miaka ishirini baadaye. Kati ya 1935 na 1939, katika kila tai 100 wenye kichwa cheupe aliowaona, 40 walikuwa vijana. Kati ya 1955 na 1959 vijana walishuka hadi 20 kwa 100, na mwaka 1957 alionekana kijana mmoja kwa kila wakubwa 32. Tai wakubwa walikuwa bado wanapita, hivyo aliyetazama tu angesema mambo ni shwari. Safu ya umri kwenye daftari ndiyo iliyoonyesha kwamba viota havitoi makinda. Mwandishi Rachel Carson aliitumia hesabu hiyo katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, akieleza madhara ya DDT na dawa nyingine za wadudu, na mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani.

Kwetu pia hesabu za zamani zimesema jambo zito. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2022, mtafiti Darcy Ogada na wenzake walilinganisha ndege mbuai waliohesabiwa kando ya barabara za Kenya kati ya 1970 na 1977 na wale waliohesabiwa kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, aina 19 zilikuwa zimepungua. Yasingekuwapo madaftari ya miaka ya 1970, leo tungebaki na kumbukumbu za wazee wanaosema zamani tai walikuwa wengi, na wasemaji wengine wangewabishia.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni kuhusu mahali, kwani mahali pakikosewa kazi yote hupotea. Mahali pazuri ni palipoinuka, penye upeo mpana upande wa kusini, kwa sababu ndege wa Machi na Aprili hutokea huko. Pafae pia kurudiwa mwaka kwa mwaka bila taabu kubwa. Kilima kilicho nyuma ya shule ya kijiji, kinachofikika kwa miguu, ni bora kuliko mlima mashuhuri unaohitaji nauli, gari na kibali, maana huo utapandwa mara moja na kusahauliwa.

Sura ya nchi isomwe kwanza. Derby Hill, katika jimbo la New York, ni kilima kidogo tu, lakini kiko kwenye pembe ya kusini mashariki ya Ziwa Ontario. Ndege wanaoelekea kaskazini hulikuta ziwa, hukataa kulivuka, hufuata ufuo wake kuelekea mashariki, na hatimaye hujazana juu ya vichwa vya waangalizi wa pale. Mantiki hiyohiyo inafaa hapa. Mtu ajiulize: ndege mzito anayekwenda kaskazini akifika eneo hili atazuiwa na nini, na atasaidiwa na nini? Maji mapana humzuia. Ukuta wa Bonde la Ufa humsaidia, kwa sababu upepo unaougonga hupanda juu, na mwamba uliopata jua huchemsha hewa mapema. Nchi tambarare isiyo na mlima wala ziwa huwaacha ndege watawanyike. Hapo hesabu huwa ndogo, ingawa bado ina maana ikirudiwa vilevile kila mwaka.

Mwenye kuchagua mahali pia atangulize adabu. Kama ni shamba la mtu, aombwe. Kama ni karibu na kambi ya jeshi, uwanja wa ndege au mpaka, patafutwe mahali pengine. Mtu aliyekaa na darubini na daftari akiandika vitu vinavyopita angani atahojiwa, na askari atakuwa na haki ya kumhoji. Mwenyekiti wa kijiji au chifu akiarifiwa mapema, kazi huenda kwa amani, na mara nyingi hupatikana vijana wawili watatu wenye macho makali kuliko ya mgeni.

Kuhusu wakati, tai-nyika hutangulia. Huyu ni tai mkubwa wa kahawia anayekuja kwetu kufuata mvua na kumbikumbi, na tangu 2015 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Huondoka Februari na Machi. Shakevale wa nyika hupita kwa wingi Machi na siku za mwanzo za Aprili. Kestreli wadogo, wa jamii ya kozi, pamoja na mwewe wembamba wa mbugani wa jamii ya harieri, hupita Machi na Aprili. Aprili ndio mwezi wa kozi wa Amur, ambaye huja Afrika kupitia India na kuvuka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, na ambaye sasa anarudi mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China.

Jambo moja kuhusu tai-nyika linastahili kusimuliwa. Wakati wa kuja Afrika, mwezi wa Oktoba na Novemba, wengi wao huvuka Bahari ya Shamu kwenye mlango wake wa kusini, Bab el-Mandeb. Waangalizi waliokaa upande wa Djibouti mwaka 1987 walihesabu ndege mbuai zaidi ya 240,000 katika msimu mmoja, na zaidi ya 70,000 kati yao walikuwa tai-nyika. Lakini wakati wa kurudi wengi hupita kaskazini zaidi, kwenye Suez na Eilat. Tai yuleyule huingia Afrika kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Kwa sababu hiyo, aliyeona ndege wengi mahali fulani mwezi Novemba asidhani atawaona palepale Machi. Kila msimu una njia yake, na kila njia inahitaji kuhesabiwa peke yake.

Ndani ya siku, saa 3 asubuhi ni mapema ya kutosha. Kabla ya hapo ardhi haijapata joto na ndege wazito bado wamekaa mitini. Kati ya saa 4 na saa 6 huwa wanapita katika kimo kinachoonekana. Baadaye joto likizidi hupanda juu mno. Hapo kuna shida ambayo waangalizi wa Ulaya na Marekani hawaijui: mwezi Machi, kwetu karibu na ikweta, jua la mchana huwa la utosi kabisa, nalo huwaficha ndege waliopita juu moja kwa moja. Mwangalizi asikae akikodolea macho utosini. Atafute ndege mbali, karibu na upeo wa kusini, kisha awafuate wanapokaribia. Na darubini isielekezwe penye jua hata kwa nukta moja, kwani inaweza kupofusha. Watoto waelezwe jambo hili kabla ya kukabidhiwa.

Anga ya buluu tupu inapendeza kwa picha, ila ni mbaya kwa kuhesabu. Doa jeusi dhidi ya wingu jeupe huonekana mbali sana. Dhidi ya buluu hupotea. Mvua nayo huwasimamisha ndege. Ikinyesha siku mbili mfululizo kisha ikapambazuka kweupe, hiyo ndiyo siku ya kuomba ruhusa kazini, maana waliozuiliwa huondoka kwa pamoja. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, makundi ya kozi na tai huweza kushuka na kula. Wakati huo wanakula, hawapiti, na hesabu isubiri.

Sasa hesabu yenyewe. Kosa la kawaida ni kuhesabu kundi likiwa linazunguka kwenye hewa ya joto. Ndege mia wanaopishana katika duara hawahesabiki. Mtu atafika 60, ataanza upya, atafika 85, atakata tamaa. Dawa yake ni kungoja. Kundi likifika juu huvunja duara na kuteleza kuelekea kaskazini kwa mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine. Hapo mwangalizi huchagua alama isiyosogea, kama mti ulio juu ya kilima au mnara wa simu, huchora akilini mstari unaopanda kutoka kwenye alama hiyo hadi mbinguni, na kumhesabu kila ndege anayeukata. Asiyeukata hahesabiwi, hata awe mzuri namna gani. Ndege wakiwa wengi mno wahesabiwe kwa kumi-kumi: huhesabiwa kumi wa kwanza kwa makini, jicho likajua kumi wanachukua nafasi gani, kisha kipimo hicho kikasogezwa mbele.

Watu wawili hufanya kazi hii vizuri kuliko mmoja. Mmoja hutazama na kutamka, mwingine huandika na kuangalia saa, na kila nusu saa hubadilishana, kwa sababu macho huchoka kabla ya mwenyewe kujua. Watatu ni bora zaidi, mradi mmoja tu ndiye mwenye hesabu, wengine humwonyesha. Wawili wakihesabu kundi moja kila mtu kwa nafasi yake, jioni kutakuwa na namba mbili na ugomvi.

Kutambua aina huwatisha wanaoanza, na kuna sababu. Ndege yuko mbali, rangi imezimwa na mwanga, na shakevale wa nyika wenyewe wana rangi nyingi, kuanzia hudhurungi nyepesi hadi nyeusi. Kinachofaa ni kuanza na umbo. Tai ana mabawa marefu na mapana yenye manyoya ya ncha yaliyoachana kama vidole. Shakevale ni mfupi, mkia wake umefunguka kama kipepeo cha mkono. Kozi ana mabawa yaliyochongoka. Harieri ni mwembamba, huinua mabawa kidogo juu ya mgongo anapoteleza. Baada ya umbo ndipo rangi ije: tai-nyika kijana ana mstari mpana mweupe chini ya bawa, kozi dume wa Amur ni mweusi wa moshi chini, lakini sehemu ya mbele ya bawa lake kwa chini ni nyeupe kabisa.

Tahadhari kubwa ni juu ya wenyeji. Mwewe yule wa mjini anayenyakua vifaranga na nyama za sokoni, shakevale wa milimani mwenye mkia mwekundu, pungu, furukombe, hawa wote huzunguka hewani palepale siku nzima, na mtu akiwahesabu kila wanapopita atapata mamia ya ndege wasiokuwapo. Wenyeji waandikwe ukurasa wa pembeni. Korongo nao husafiri na tai katika hewa ileile, na kundi la korongo weupe 300 likiwa mbali humdanganya hata mzoefu. Shingo na miguu iliyonyooka ndiyo inayowatambulisha.

Asiyejulikana aandikwe "hajulikani". Inafaa ziwepo ngazi: tai asiyejulikana, kozi asiyejulikana, mbuai asiyejulikana. Ukurasa wenye wasiojulikana wengi ni ukurasa wa mtu mkweli, na mtafiti atakayeusoma atauamini kuliko ule ambao kila doa lilipewa jina.

Daftari ndilo litakalobaki. Juu ya kila ukurasa huandikwa tarehe, mahali, majina ya waangalizi, saa ya kuanza na ya kumaliza. Kisha kila saa moja hupewa mstari wake: aina, idadi, umri ukionekana, upepo unatoka wapi, wingu ni kiasi gani. Mgawanyo huu wa saa kwa saa ndio unaotumiwa na vituo vya kuhesabu mwewe vya Marekani Kaskazini, na sababu yake ni rahisi. Shakevale 40 walioonekana katika saa mbili si sawa na 40 walioonekana katika saa nane. Bila kujua muda uliotumika, namba ya 40 haiwezi kulinganishwa na ya mwaka mwingine wala ya kilima kingine.

Na sifuri iandikwe. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu aliyekaa juani saa tano bila kuona ndege huona aibu kuandika ukurasa mtupu. Lakini wakiandika waliofanikiwa peke yao, vitabu vitaonyesha ndege wengi kila siku, na siku watakapopungua hakuna atakayejua.

Namba zikishaandikwa zipelekwe mahali zinapoweza kusomwa. Kenya Bird Map hupokea taarifa kwa simu na kuzipanga kwa vipande vidogo vya ramani; Tanzania Bird Atlas imekusanya kumbukumbu za waangalizi kwa miongo; eBird hupokea kutoka dunia nzima na inaruhusu kuandika muda na idadi. Nature Kenya, Nature Tanzania na NatureUganda wana wanachama wanaofurahi kumwelekeza mgeni, na Nairobi, kwa miaka mingi, yamekuwapo matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambako mwanafunzi hukaa kando ya mtu aliyetazama ndege maisha yake yote. Asubuhi moja ya namna hiyo hufundisha zaidi ya kitabu.

Kuwatazama na kuwahesabu ndege kumeshaleta mabadiliko. Nchini India, katika jimbo la Nagaland, mwaka 2012 ilijulikana kwamba kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu kwa siku karibu na bwawa la Doyang, njiani kuja kwetu. Wanakijiji, makanisa, serikali na wahifadhi walikaa pamoja, na mwaka uliofuata mauaji yalikoma. Leo vijiji vile vinajivunia wageni wanaokuja kuwaona ndege haohao. Kajiado, Kenya, kwenye mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, vijana wa mahali hapo wameajiriwa kutazama anga kwa darubini ili mitambo isimamishwe tumbusi au tai anapokaribia. Waliojifunza kutofautisha tumbusi na tai kwa mbali sasa wanalipwa mshahara kwa ujuzi huo. Mitambo na nyaya za umeme zinaongezeka Bonde la Ufa lote, na wapangaji wa miradi wakiuliza ndege hupita wapi na lini, hujibiwa kwa namba zilizopo. Pasipokuwa na namba, nguzo husimikwa popote.

Shule zenye klabu za mazingira, vyuo, waongoza watalii na wazee waliostaafu wana nafasi hasa katika kazi hii, kwa sababu wako mahali pamoja kila mwaka. Ombi kwa msomaji ni dogo: kabla ya Februari kuisha, chagua kilima kimoja kilicho karibu na nyumbani, tafuta mwenzako mmoja, na mpange siku moja kila wiki, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, mpaka mwisho wa Aprili. Msibadilishe kilima, msibadilishe saa, andikeni na sifuri zenu, kisha mpeleke karatasi hizo kwa chama cha ndege cha nchi yenu kabla ya msimu mwingine kuanza.